Kebo imegoma kutoka: kisa cha gari la umeme Mwanga, Kigoma

Simu iliingia saa moja kasoro asubuhi, banda bado sijalifungua. "Fundi, gari langu limeng'ang'ania waya, halitaki kuuachia." Aliyepiga ni mwalimu mstaafu wa hapa Mwanga, siku hizi anauza mawese na dagaa kwa jumla, na mtaa mzima tunamwita Mwalimu. Gari lenyewe ni dogo, la umeme mtupu, lilitumika Japani kabla mwanawe hajalinunua Dar na kulipandisha kwenye lori mpaka Kigoma. Kwa betri ile iliyochoka lisingefika kwa magurudumu yake hata Morogoro. Kampuni iliyolitengeneza siitaji, kosa halikuwa lake.

Mwalimu alikuwa anatakiwa Kibirizi kuchukua mzigo wa dagaa. Usiku wa kuamkia siku hiyo ndio alikuwa amerudi kutoka Kasulu msibani, alikokaa siku 11. Alikwenda kwa basi, kwa sababu Kasulu kwenda na kurudi si safari ya gari lile. Kabla ya kuondoka alilichomeka, akijua atarudi alikute limejaa. Amerudi, amekuta limekufa, na kebo imeshika puani mwa gari kama kupe.

Nilipofika uani nilishtuka kidogo. Tundu la kuchajia liko mbele, chini ya kifuniko kinachoinuka pale juu ya bampa, na kutoka humo kulikuwa kunachuruzika kitu cha rangi ya chungwa mpaka kwenye namba ya gari. Kwa mtu wa magari haya rangi ya chungwa ni rangi ya waya za volti kubwa, kwa hiyo akili ilikimbilia huko kwanza. Kisha nikasikia harufu. Mawese.

"Nani kamwaga?"

Kijana mmoja mpangaji, dereva wa bodaboda, alikuwa amesimama na chupa ya maji ya nusu lita, imebaki robo. "Mimi, kaka. Nilijua italainika." Pembeni yake fundi wa kuchomelea wa jirani alikuwa ameshika grainda, anasubiri ruhusa ya kukata. Alieleza kwa upole kabisa kwamba kebo ni waya tu, ikikatwa itaungwa. Nikamwomba airudishe grainda nyumbani kwanza, halafu tuzungumze. Kebo ile ilikuwa na umeme: kisanduku chake kilichoning'inia dirishani kilikuwa kinawaka taa ya kijani.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Nitolee huu waya, dagaa wangu watauzwa kwa mwingine."

Hapo ndipo nilipofanya jambo ambalo nimewakataza vijana wangu bandani mara nyingi. Badala ya kuuliza kwanza, nilikwenda moja kwa moja kwenye mkono wa kebo, nikaweka vidole gumba viwili juu ya kitufe na kukikandamiza. Kilikuwa kigumu. Nikaongeza nguvu. Kikasema "ka", kikalegea, na nikajisikia fundi. Nikavuta. Kebo haikusogea hata unywele.

Basi nikakaa kwenye ngazi ya baraza, nikaanza upya kama ilivyotakiwa tangu mwanzo.

Maelezo niliyapata vipande vipande. Nyumba ina LUKU moja, Mwalimu na wapangaji wawili wanachangia. Siku ya pili baada ya yeye kuondoka uniti ziliisha, wapangaji wakategeana kama kawaida ya mita ya kuchangia, na giza likakaa siku kadhaa. Baadaye waliweka uniti chache za taa na simu, lakini wakachomoa gari ukutani lisizimalize. Usiku ule Mwalimu aliporudi alinunua uniti, akachomeka tena ukutani, taa ya kisanduku ikawaka, gari likanyamaza. Alfajiri akataka kutoa kebo, kitufe hakibonyei. Akamwamsha kijana. Kijana akabonya, akazungusha, akapiga ngumi, akaleta mawese. Kisha wakanipigia.

Niliuliza pia kama rimoti inafungua milango. Haifungui. "Imeisha betri," Mwalimu alisema, maana ya betri ya rimoti. Jibu hilo lilinitosha kujua kwamba tatizo haliko kwenye kebo.

Sasa nieleze kinachoshika, kwa sababu watu wengi hudhani plagi ile inakaa kwa kubanwa tu kama ya pasi. Plagi za magari mengi ya Japani ya aina hii ni za duara, zina matundu matano: mawili ya umeme, moja la ethi, na mawili madogo ambayo hayapitishi umeme wa kuchajia bali mazungumzo kati ya gari na chaja. Juu ya mkono wa kebo kuna ndoano ya plastiki. Ukiisukuma plagi, ndoano inapanda na kudondokea nyuma ya kizingiti kidogo kilichomo kwenye tundu la gari. Ukibonya kitufe, ndoano inanyanyuka, unatoa. Ni wenzo mmoja tu, kama bembea: upande mmoja kidole chako, upande wa pili ndoano, katikati mhimili.

Magari ya mwanzo ya muundo huu yaliishia hapo. Ukitaka mtu asikuchomolee, unapitisha kufuli dogo la dukani kwenye tundu lililoachwa kwenye kitufe. Matoleo yaliyofuata yakaongezewa komeo la umeme: kipini kidogo ndani ya gari, kinachosukumwa na mota ndogo, kinajipenyeza juu ya ndoano ili isiweze kunyanyuka. Komeo likiwa limeingia, kitufe hakibonyei. Hakijakwama wala hakina kutu, kimezuiwa makusudi. Na anayekibonya kwa nguvu anaukunja wenzo wa plastiki ambao mwisho wake mmoja umefungwa.

Mota ya komeo hailishwi na betri kubwa ya kuendeshea. Inalishwa na betri ndogo ya volti 12, ile ile ya kawaida ya risasi na asidi inayolisha taa, milango, rimoti na kompyuta. Hili ndilo linalowachanganya watu. Gari lina betri kubwa ya volti zaidi ya 300, imejaa nusu, lakini bila ile ndogo haliwezi hata kuziunganisha swichi zake kubwa ili litumie umeme huo. Ni kama tajiri mwenye ghala limejaa, na mwenye ufunguo kazimia mlangoni. Ikifa wakati komeo limefunga, komeo linabaki limefunga.

Kwa hiyo kitufe kilikuwa mahali pa mwisho pa kushika, na sisi wote wawili, kijana na mimi, tulianzia pale.

Kazi yenyewe sasa. Kwanza nilimtuma kijana achomoe kisanduku ukutani, si kuzima swichi tu, achomoe kabisa. Sababu ni hii: kebo ilikuwa na umeme na gari limelala. Nikiliamsha gari kwa betri ya kuazima, linaweza kuisikia chaja na kuanza kuchaji wakati mikono yangu iko kwenye plagi.

Pili, mlango. Rimoti imekufa, Mwalimu anadhani gari halifunguki mpaka aje mtu wa funguo. Nikamwomba rimoti, nikasogeza kibati kidogo kilicho ubavuni mwake, nikauchomoa ufunguo wa chuma uliojificha ndani. Mwalimu aliutazama, akanitazama. "Miezi minane natembea nao mfukoni." Tundu la ufunguo liko kwenye kitasa cha mlango wa dereva. Ndani, kivuta cha boneti ni cha waya wa kawaida, hakihitaji umeme. Boneti ikafunguka.

Maltimita kwenye betri ndogo: volti 7.4. Betri ya namna hii ikiwa nzima na imepumzika husoma kama 12.6. Ikishuka chini ya 12 tayari ni mgonjwa, na 7.4 ni maiti. Nilikuwa nimekuja na betri ya akiba, nikaiunganisha kwa waya za jampa: chanya kwa chanya, kisha hasi ya betri yangu kwenye chuma kitupu cha gari, mbali kidogo na betri. Taa za dashibodi zikawaka, na yule mama wa Kijapani anayekaa ndani ya redio akaanza kutusomea habari zake za kadi ya barabarani. Watoto wa uani wakashangilia. Sijawahi kufurahi hivyo kumsikia.

Pembeni ya usukani kuna swichi ya komeo yenye hali tatu: funga, jiendeshe, fungua. Ilikuwa kwenye funga. Mwalimu aliiweka hapo mwenyewe kabla ya safari, ili wapangaji wasimchomolee kebo. Nikaiweka kwenye fungua. Puani mwa gari kikasikika kidude kikisema "tak", sauti ndogo kama kuvunja kokwa la mchikichi. Komeo limerudi.

Hapo kwa kawaida kazi imekwisha. Unasukuma plagi ndani kidogo kwanza, ndiyo, ndani, ili uzito wa kebo usiendelee kuiegemea ndoano, kisha unabonya na kutoa. Mara nyingi plagi "iliyokwama" haina tatizo lingine zaidi ya kebo inayoning'inia na mtu anayevuta huku akibonya. Nikasukuma, nikabonya. Kitufe kikaingia laini kama cha rimoti ya televisheni. Ndoano haikunyanyuka. Nikabonya tena nikiinama kuangalia kwa tochi ya simu: kidole kinashuka, ndoano imetulia. Wenzo umevunjika katikati.

Kitufe kile kina kazi nyingine isiyoonekana, na ndiyo sababu ya kusisitiza ukutani pachomolewe. Chini yake kuna swichi ndogo inayobadilisha ukinzani kwenye mojawapo ya yale matundu madogo. Plagi ikiwa imeshikana sawasawa gari husoma ohimu 150. Ukibonya, husoma 480. Gari likiona 480 linajua kuna mtu anataka kutoa, linaacha kuvuta umeme kabla shaba hazijaachana. Kitufe kikivunjika, ishara hiyo haina wa kuituma. Tundu la mawasiliano lina kinga nyingine, kwa kuwa pini yake ni fupi na huachana kwanza, lakini mimi sipendi kutegemea kinga ya pili wakati ya kwanza nimeivunja. Kuachanisha shaba zenye ampea 10 kunatoa cheche, na cheche inaacha madoa meusi kwenye pini. Pini yenye doa inapata joto kila unapochaji, mpaka siku moja plastiki inayeyuka na hapo kebo inakwama kweli.

Ndoano ilikuwa inaonekana kwa juu, nafasi kama unene wa sarafu. Bisibisi ingeingia, ila sikutaka chuma mle, hata kama ukutani pamechomolewa. Nikamwuliza Mwalimu kama ana vijiti vya mishikaki. Alikuwa navyo, pakiti nzima, vimebaki tangu Idi. Nikachukua viwili, nikavikata ncha kwa wembe ziwe bapa, nikavipenyeza chini ya ndoano, kimoja kushoto kimoja kulia. Kimoja kikavunjika, nikaongeza kingine. Kijana akashika mkono wa kebo, nikamwambia asivute, asukume ndani. Nikabinya vijiti kwenda chini, ndoano ikapanda kizingiti. "Sasa njoo nao, taratibu, usizungushe." Plagi ikatoka na sauti ya busu, kwa sababu ya yale mawese.

Saa mbili na dakika kumi. Mwalimu hakusubiri maelezo. Aliniachia funguo, akapanda bodaboda ya huyo huyo kijana, wakashuka Kibirizi.

Nilibaki na mambo matatu.

Mawese yalichukua muda kuliko yote. Mafuta yenyewe hayapitishi umeme, na aliyesema yatalainisha hakukosea sana: kweli yalilainisha. Shida ni kwamba mawese ya alfajiri ni mazito, yanaganda nusu, na vumbi letu jekundu linayapenda. Siku 11 uani, kifuniko cha tundu kimeachwa wazi, vumbi lilikuwa limeshakaa. Mafuta yakalikusanya na kulisukuma ndani ya matundu kama ugoro. Ukichaji hivyo, pini hazigusani vizuri, zinapata joto. Nilisafisha kwa spiriti na vitambaa vilivyosokotwa kwenye vijiti vile vile vya mishikaki, betri ndogo ikiwa imefunguliwa waya, kisha nikaacha jua lifanye kazi yake mpaka adhuhuri. Kama unataka kulainisha kitasa cha mlango wa choo, mawese sawa. Tundu la kuchajia halilainishwi kwa chochote kutoka jikoni.

La pili: betri ndogo ilikufaje? Ilikuwa kuukuu, ndiyo, huenda imekuja na gari. Lakini betri kuukuu peke yake haifiki 7.4 kwa siku 11 kama hakuna anayeinyonya. Nilipoijaza kidogo bandani na kuirudisha, nilifunga milango, nikasubiri gari lilale, kisha nikapitisha maltimita kwenye waya wa hasi. Ampea 0.32. Gari lililolala halitakiwi kuvuta kiasi hicho. Nikachomoa fyuzi moja moja mpaka ikashuka, na waya wa mwisho ulinipeleka kwenye kamera ndogo iliyobandikwa kwenye kioo cha mbele, aliyoifunga fundi fulani kabla gari halijaja huku. Aliiunga kwenye umeme usiozimika, inarekodi usiku na mchana kuta za uani kwa Mwalimu.

Piga hesabu: 0.32 mara saa 24 ni takriban ampea-saa 7.7 kwa siku. Betri iliandikwa 45 mgongoni. Hata ikiwa mpya, siku ya sita ingekuwa imekauka. Mwalimu akiwa nyumbani haionekani, kwa sababu gari linapotembea kuna kifaa kinachoshusha umeme wa betri kubwa na kuilisha ndogo, na linapochaji pia. LUKU ilipoisha siku ya pili, kuchaji kulikoma, riziki ya betri ndogo ikakatika, kamera ikaendelea kula. Hata uniti zisingeisha, kuchaji kungekoma betri kubwa ikijaa, na mwisho ungekuwa ule ule. Na Mwalimu aliporudi na kuchomeka, gari halikuwa na nguvu hata ya kuitikia hodi ya chaja. Nimeihamisha kamera kwenye umeme unaozimika na ufunguo, na betri mpya imefungwa.

Kwa wenye magari yenye plagi ya Ulaya, ile ya matundu saba, niongeze kwa kifupi: plagi yenu haina kitufe cha ndoano kabisa, inashikwa na kipini cha gari peke yake. Vijiti vya mishikaki havitawasaidia. Magari mengi ya aina hiyo yana kamba au kiwiko cha dharura mahali fulani, kwa mfano Tesla Model 3 ni ndani ya buti upande wa kushoto, na kamba hiyo haivutwi wakati gari linachaji. Tafuteni ya kwenu leo, gari likiwa zima.

La tatu ni mkono wa kebo. Niliufungua skrubu, nikautoa wenzo. Ulikuwa umekatika kati ya kitufe na mhimili, na nilipouweka kwenye mwanga nikaona jambo ambalo ningeweza kulinyamazia. Mpasuko ulikuwa wa rangi mbili. Upana wake ni kama milimita 8: sita zimelowa rangi ya mawese, mbili nyeupe safi, plastiki mbichi. Maana yake kijana aliupasua sehemu kubwa, mawese yakaingia kwenye ufa na kuganda. Sehemu iliyobaki, ile iliyokuwa bado inashikilia, ilikatika baada ya mawese. Ile "ka" iliyonifanya nijisikie fundi.

Ningeanza na maltimita, milimita mbili zile zingetosha kunyanyua ndoano mara moja, pengine mbili. Gundi haikai mahali panapokunjwa kila siku, na mkono mpya wa aina hiyo Kigoma haupo. Umeagizwa Dar, uje na basi. Nilimkatalia Mwalimu kuchaji kwa mkono uliovunjika kwa siku mbili, akanishinda siku ya tatu: anachomeka, akimaliza anachomoa ukutani kwanza, kisha ananiita nije na vijiti.

Jioni ile nilimpelekea vipande viwili vya wenzo kwenye kikaratasi. Alivaa miwani, akavigeuza dirishani kama anayesahihisha mtihani, akamwita kijana.

"Sita kwa nane ni zako. Mbili ni za fundi."

Zangu nimezikata kwenye ufundi. Za kijana zinalipwa kwa safari za Kibirizi, na Mwalimu anaziwekea vyema kwenye daftari la mistari lililoning'inizwa msumarini nyuma ya mlango wa duka. Juzi nilihesabu vyema tisa, na kimoja kimekatwa kwa wino mwekundu, siku aliyochelewa.